Kingamwili na Keratini: Kutoka Manyoya ya Kondoo hadi Uvimbe wa Shingoni

Kondoo wa asili wanaofugwa vijijini mkoani Kagera, katika maeneo kama Nyamahanga yaliyo kwenye ukanda wa wilaya za Ngara na Biharamulo, si kondoo wa sufu. Manyoya yao ni mafupi, nao hufugwa kwa ajili ya nyama, ngozi na akiba ya kaya. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kubabua ngozi ya kondoo kwenye moto anaijua harufu yake kali, na anajua pia kwamba harufu hiyo hiyo hutoka kwenye nywele za binadamu zinapoungua, kwenye kucha na kwenye kwato. Kufanana huko kuna sababu. Vitu hivyo vyote vimejengwa kwa protini za ukoo mmoja zinazoitwa keratini, na salfa iliyomo ndani ya protini hizo huchangia sehemu kubwa ya harufu inayosikika.

Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi wanavyotumia kingamwili kubaini mahali hasa keratini zilipo ndani ya kifuko kinachootesha unyoya, na jinsi mbinu hiyo hiyo inavyotumika hospitalini kutambua aina ya saratani. Kwa mhudumu wa zahanati na kwa mgonjwa, jambo la kuzingatia ni kwamba jibu la kipimo hiki huanza kutengenezwa dakika chache baada ya kipande cha nyama kukatwa mwilini. Kosa likifanyika hapo, ni vigumu sana kwa maabara iliyoko mamia ya kilomita kulisahihisha.

Keratini ni nini

Keratini ni protini zenye umbo la nyuzi. Ndani ya seli, nyuzi hizo husokotwa pamoja mfano wa kamba ya katani: molekuli mbili hujiviringisha, jozi huungana na jozi nyingine, na mwisho hupatikana uzi wenye unene wa takriban nanomita 10. Kazi yake ya msingi ni kuipa seli uimara ili isipasuke inapovutwa au kusuguliwa.

Binadamu ana jeni 54 za keratini zinazofanya kazi. Jeni hizo hugawanyika katika makundi mawili, moja la keratini zenye asili ya tindikali na jingine la keratini zenye asili ya besi. Keratini haifanyi kazi peke yake. Uzi hukamilika pale tu mwenza wa kundi la kwanza anapoungana na mwenza wa kundi la pili. Ndiyo maana hutajwa kwa jozi. Seli za tabaka la chini kabisa la ngozi hutengeneza keratini ya 5 na ya 14. Seli hizo zinapopanda kuelekea juu huacha jozi hiyo na kuanza kutengeneza keratini ya 1 na ya 10. Seli za utando wa ndani wa utumbo, ini na tezi mbalimbali hutumia zaidi keratini ya 8 na ya 18.

Umuhimu wa jozi hizi huonekana zinapokosewa. Mwaka 1991 watafiti walithibitisha kwamba hitilafu katika jeni za keratini ya 5 au ya 14 husababisha ugonjwa wa kurithi ambao ngozi ya mtoto hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo tu, hata wa nguo. Seli za tabaka la chini hukosa nguzo zake, zikapasuka.

Kwa hiyo keratini inaweza kuchukuliwa kama kitambulisho cha seli. Anayejua ni keratini gani imo ndani ya seli fulani hupata fununu kubwa kuhusu ukoo wa seli hiyo, hata kama seli yenyewe imekwisha kuhama mahali pake pa asili.

Kifuko kinachootesha unyoya

Unyoya wa kondoo, kama unywele wa binadamu, huota kutoka kwenye kifuko kilichozama ndani ya ngozi. Chini ya kifuko kuna uvimbe mdogo mfano wa kitunguu. Ndani ya kitunguu hicho kuna seli zinazogawanyika kwa kasi, na katikati yake hupenya tishu laini yenye mishipa ya damu inayozipelekea chakula na maelekezo. Seli zinazozaliwa hapo husukumwa juu, na kadiri zinavyopanda, kila moja huchagua kazi yake.

Zilizo katikati huwa mwili wa unyoya. Zinazozizunguka huwa magamba membamba yanayoufunika unyoya kama vigae vya paa. Nje ya magamba hayo kuna ala ya ndani, ambayo huuongoza unyoya mchanga mpaka ugumu, kisha humomonyoka kabla unyoya haujatokeza nje. Nje zaidi ipo ala ya nje, inayoungana moja kwa moja na ngozi ya juu. Kila tabaka hutengeneza keratini zake. Ala ya nje ina keratini ya 5 na ya 14 kama ngozi yenyewe. Ala ya ndani ina kundi lake la pekee, ikiwemo keratini ya 71. Na mwili wa unyoya hujengwa kwa keratini ngumu, zile zenye salfa nyingi, ambazo kwa kawaida hazitengenezwi na ngozi ya kawaida.

Salfa hiyo hufunga uzi mmoja na mwingine kwa vifungo imara vya kikemia. Seli zikifika sehemu ya juu ya kifuko zimejaa keratini, kiini chake kimetoweka na uhai umekwisha. Kinachochomoza nje ni mabaki ya seli zilizokufa zikiwa zimeshikana. Ndiyo maana kukata nywele hakuumi, ilhali kuzing'oa huuma.

Kingamwili kama chombo cha kutafutia

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vitu vigeni. Umbo lake hufanana na herufi Y, na ncha zake mbili hunasa kitu kimoja mahususi kama kufuli inavyopokea ufunguo wake. Kitu kinachonaswa huitwa antijeni.

Wahudumu wa afya hutumia sifa hiyo kila siku. Kipimo cha haraka cha malaria kina mstari wa kingamwili zilizobandikwa kwenye ukanda. Damu yenye protini ya kimelea ikipita, protini hiyo hunaswa na mstari wa rangi huonekana. Kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi kwa kawaida huenda kinyume: hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mpimwaji umezitengeneza dhidi ya virusi. Mbinu inayoelezwa hapa inafanana na kipimo cha malaria. Kingamwili huletwa kutoka nje na kutumwa kutafuta protini. Tofauti ni kwamba hazitafuti ndani ya tone la damu, bali juu ya kipande chembamba cha tishu ambamo kila seli imebaki mahali pake. Kipimo cha ukanda hujibu swali la kuwepo au kutokuwepo. Kipimo cha tishu hujibu pia swali la mahali.

Wazo hili si geni. Mwaka 1941, nchini Marekani, Albert Coons na wenzake waliunganisha kingamwili na rangi inayong'aa chini ya mwanga maalumu, wakaweza kuona mahali antijeni za bakteria wa nimonia zilipo. Mwaka 1966 Paul Nakane na Barry Pierce walitumia kimeng'enya badala ya rangi inayong'aa, hivyo hadubini ya kawaida ikatosha. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, kwa wingi na kwa muda usio na kikomo. Kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake walionyesha kwamba kuchemsha kipande cha tishu kabla ya kukipaka kingamwili hufichua antijeni zilizokuwa zimefunikwa na fomalini. Maabara nyingi za leo zinasimama juu ya hatua hizo nne.

Namna kazi inavyofanyika

Kipande cha ngozi ya kondoo, au cha uvimbe wa mgonjwa, kwanza huhifadhiwa kwenye fomalini. Kisha maji yote huondolewa na nafasi yake huchukuliwa na nta ya parafini, ili tishu iwe ngumu kiasi cha kukatika vyema. Mashine yenye wembe mkali hukata vipande vyenye unene wa mikroni 3 hadi 5, vyembamba kuliko seli nyingi za mwili, navyo hubandikwa juu ya kioo.

Nta huyeyushwa, tishu hurudishiwa maji, kisha kioo huchemshwa ndani ya kimiminika maalumu ili kufungua antijeni. Hapo ndipo kingamwili ya kwanza huwekwa. Ikikuta keratini inayoitafuta, huishika. Isipoikuta, huoshwa na kuondoka. Kingamwili ya pili, iliyotengenezwa kuishika ile ya kwanza, hufuata ikiwa imebeba kimeng'enya. Mwisho huongezwa kemikali ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa rangi ya kahawia. Viini vya seli zote hupakwa rangi ya buluu ili ramani ya tishu ionekane. Penye kahawia pana keratini. Penye buluu tupu hapana, au haikuonekana.

Maneno hayo ya mwisho ni ya msingi. Kukosekana kwa rangi kunaweza kumaanisha protini haipo, na kunaweza kumaanisha kingamwili imeharibika, tishu imeoza au hatua moja imesahauliwa. Kwa hiyo kila siku ya kazi, maabara hupima pamoja na kipande cha mgonjwa kioo kingine ambacho jibu lake linajulikana. Kipande cha ngozi kina faida ya ziada: vifuko vya nywele na ngozi ya juu vina keratini siku zote. Daktari wa patholojia akiona vifuko hivyo havikupata rangi ya kahawia, anajua kwamba kipimo kimeshindwa, na hathubutu kusema kwamba uvimbe ulio jirani hauna keratini. Kifuko kidogo cha unywele huwa shahidi wa ukweli wa kipimo kizima.

Sufu ilifundisha nini

Utafiti mwingi wa keratini ngumu ulifanyika kwenye sufu, kwa sababu ya biashara. Katika miaka ya 1930, mjini Leeds, Uingereza, William Astbury alipiga sufu picha za eksirei na kuonyesha kwamba molekuli zake hubadili umbo zinapovutwa na kurejea zinapoachiwa. Baadaye nchi zinazotegemea sufu, hasa Australia na New Zealand, zilichunguza kifuko chenyewe ili kufahamu kwa nini sufu moja ni laini na nyingine ni ya kukwaruza. Katika Afrika Mashariki, kondoo wa sufu aina ya merino waliletwa katika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20.

Kingamwili zilisaidia kujibu swali ambalo kusaga sufu na kupima protini zake kusingeweza kulijibu: kila protini huanza kutengenezwa katika ngazi gani ya kifuko, na upande gani. Ilionekana kwamba keratini ngumu hazianzi zote kwa pamoja. Baadhi huonekana mapema, karibu na kitunguu. Nyingine hufuata juu zaidi. Na protini zenye salfa nyingi zinazojaza nafasi kati ya nyuzi huja baadaye. Katika unyoya wa merino, upande mmoja wa unyoya hujengwa tofauti na upande wa pili, na tofauti hiyo inahusishwa na mawimbi yanayoifahamisha sufu hiyo.

Watafiti walikutana pia na kikwazo ambacho madaktari wanakifahamu. Keratini ni ndugu, nazo hufanana sana katika sehemu ya kati. Kingamwili iliyotengenezwa kwa kutumia keratini nzima inaweza kushika keratini tano kwa mpigo. Suluhisho ni kutumia kipande kifupi cha mwisho wa molekuli, mahali ambapo kila keratini ina mpangilio wake, kutengeneza kingamwili inayotambua moja tu. Kingamwili inayoshika nyingi na ile inayoshika moja zote zina matumizi, mradi mtumiaji ajue ameshika ipi.

Kutoka kwenye kifuko hadi kwa mgonjwa

Seli ya saratani mara nyingi hutunza keratini za tishu ilimotoka. Mwaka 1982 kundi la watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, lilichapisha orodha ya keratini 19 za tishu laini za binadamu na uvimbe wake, na tangu hapo keratini zikawa sehemu ya kazi ya kila siku ya patholojia.

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini unafanana na hali zinazotokea. Mkulima wa Nyamahanga mwenye umri wa miaka 50 anafika zahanati akiwa na uvimbe shingoni uliokua kwa miezi mitatu. Hauumi. Amepungua uzito kidogo. Uvimbe huo unaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, saratani ya tezi za limfu, au saratani iliyoanzia kooni, mdomoni, kwenye umio au kwenye tezi ya shingo na kusambaa. Kwa macho na kwa vidole, yote hayo yanaweza kufanana. Matibabu yake hayafanani hata kidogo: la kwanza hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu za miezi kadhaa, la pili hasa kwa dawa za saratani, na la tatu huweza kuhitaji upasuaji, mionzi au vyote pamoja. Kumpa mgonjwa matibabu ya ugonjwa usio wake ni kumpotezea miezi ambayo huenda hanayo.

Kipande cha uvimbe kikichukuliwa na kupelekwa hospitali ya rufaa, kwa mfano Bugando jijini Mwanza inayohudumia Kanda ya Ziwa, hatua ya kwanza ni rangi za kawaida. Vipimo vya kifua kikuu hufanywa kwa njia zake. Ikiwa hadubini inaonyesha seli kubwa za saratani zisizo na sura ya kutambulika, ndipo kingamwili huitwa. Kioo kimoja hupakwa kingamwili inayoshika keratini nyingi kwa pamoja, kingine kingamwili inayoshika alama ya seli nyeupe za damu iitwayo CD45. Keratini ikiwa kahawia na CD45 ikabaki tupu, saratani yaelekea imetoka kwenye ngozi, utando au tezi, na msako wa chimbuko huanza. CD45 ikiwa kahawia na keratini ikabaki tupu, saratani yaelekea ni ya limfu, na kingamwili nyingine hutumika kujua aina yake.

Hatua inayofuata hutumia keratini mahususi. Keratini ya 5 pamoja na protini iitwayo p63 huelekeza kwenye saratani ya seli bapa, kama zile za ngozi, mdomo na umio. Mchanganyiko wa keratini ya 7 na ya 20 husaidia kutenganisha chimbuko: saratani nyingi za utumbo mpana huwa na ya 20 bila ya 7, na nyingi za mapafu na matiti huwa na ya 7 bila ya 20. Kidonda cheusi cha unyayo kisichopona, ambacho huweza kuwa melanoma, kwa kawaida hakina keratini, bali huonyesha alama iitwayo S100. Madoa ya Kaposi hutambuliwa kwa kingamwili dhidi ya protini ya virusi vinavyoyasababisha. Jambo hilo lina uzito wake mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983.

Watu wenye ualbino wana nafasi yao katika maelezo haya. Jua huwaletea saratani za ngozi mapema, na nyingi kati ya hizo barani Afrika ni za seli bapa, zenye keratini tele. Mara nyingi rangi za kawaida hutosha kuzitambua bila kingamwili. Kinachookoa maisha hapo ni kidonda kuchukuliwa kipande mapema, kofia pana, nguo ndefu na mafuta ya kuzuia jua, ambayo kwa miaka kadhaa sasa yamekuwa yakitengenezwa mjini Moshi, KCMC, kwa ajili yao.

Mipaka ya kipimo

Keratini si alama ya saratani. Ngozi yenye afya imejaa keratini. Kingamwili huonyesha ukoo wa seli; ubaya wa seli huamuliwa kwa sura yake, mpangilio wake na jinsi inavyovamia jirani. Aidha, zipo saratani chache zinazokwenda kinyume cha kanuni: baadhi za utando hupoteza keratini, na baadhi za misuli na mifupa huonyesha keratini kidogo. Hata ndani ya tezi ya limfu yenye afya kuna seli chache zinazoweza kupata rangi ya kahawia. Ndiyo sababu daktari hategemei kingamwili moja, bali hutumia kundi, na ndiyo sababu maelezo ya mgonjwa yaliyoandikwa kwenye fomu yana thamani sawa na kioo chenyewe.

Mahali kipimo kinapoharibikia

Maabara haiwezi kuonyesha protini iliyokwisha kuoza. Seli zikikatwa mwilini hukosa hewa na chakula, na vimeng'enya vyake huanza kuzimeng'enya zenyewe. Fomalini husimamisha uharibifu huo. Mhudumu anayechukua kipande anapaswa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, kipande kiingizwe ndani ya fomalini mara moja, na isizidi saa 1. Fomalini inayofaa ni ile ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali yake, yaani sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji pamoja na chumvi za fosfati. Iandaliwe na maabara kabla ya siku ya upasuaji. Maji ya dripu, spiriti na maji ya bomba si mbadala. Chupa ya maji ya dripu huihifadhi tishu kwa macho tu. Ndani yake uozo unaendelea.

Pili, fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Kipande kilichobanwa kwenye kichupa chembamba hupata dawa nje tu. Fomalini hupenya polepole, kwa makadirio ya milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa ukatwe vipande ili dawa ifike ndani.

Tatu, kipande kisikae kidogo mno wala kupita kiasi. Saa 6 hadi 72 ndiyo muda unaopendekezwa kwa vipimo vingi vya kingamwili. Kipande kinachosubiri usafiri kwa wiki kadhaa bado kina manufaa na kipelekwe, lakini baadhi ya antijeni hufifia. Kituo kilicho mbali kipange siku ya kuchukua vipande kulingana na siku ya usafiri, hasa kwa njia ndefu inayopita Biharamulo na Geita kuelekea Mwanza.

Nne, jina na namba ya mgonjwa viandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Fomu ionyeshe umri, mahali kipande kilipotolewa, muda wa uvimbe, hali ya virusi vya Ukimwi ikiwa inajulikana, dawa alizokwisha kutumia, na saa ambayo kipande kiliingia ndani ya fomalini.

Tano, fomalini ni sumu. Ivaliwe glavu, ifanyiwe kazi penye hewa, na isiwekwe ndani ya chupa za maji ya kunywa.

Kwa upande wa maabara, kingamwili huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kama chanjo nyingi. Mhudumu anayejua gharama ya jokofu la chanjo kuzimika ataelewa kwa nini maabara chache tu nchini humudu kipimo hiki bila kukatika, na kwa nini kipande kilichohifadhiwa vizuri hakipaswi kupotezwa.

Maswali ya wagonjwa

Je, kukata kipande husambaza saratani? Hofu hiyo imeenea, na huwafanya wengi wachelewe. Kipande kikichukuliwa kwa utaratibu, hatari hiyo kwa uvimbe ulio mwingi ni ndogo sana ikilinganishwa na hatari ya kutibiwa bila kujua ugonjwa. Hatari iliyo kubwa ni kungoja.

Kwa nini majibu huchelewa? Kuhifadhi, kuweka nta, kukata na kupaka rangi za kawaida huchukua siku kadhaa hata mambo yakienda vizuri. Kipimo cha kingamwili huanza baada ya hapo, na pengine husubiri kemikali. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kipande chake kimefika wapi, na aache namba ya simu inayopatikana. Majibu mengi hukwama kwa sababu mwenyewe hakupatikana.

Je, kipimo kikirudi bila jibu, ni lazima kukatwa tena? Si lazima. Kipande kilichomo ndani ya nta hudumu kwa miaka, na kinaweza kukatwa tena na kupakwa kingamwili nyingine, hata katika hospitali nyingine. Mgonjwa anayehamishwa aulize kama nta yake inaweza kwenda pamoja naye. Nta hiyo ni mali ya matibabu yake.

Mwisho wa yote

Protini zilizo ndani ya unyoya wa kondoo anayechunga kando ya migomba ya Nyamahanga ni ndugu wa protini zinazoitambulisha saratani ya umio au ya ngozi. Zilizochunguzwa kwenye sufu kwa ajili ya nguo na zilizochunguzwa kwenye uvimbe kwa ajili ya tiba zimefuatwa kwa chombo kimoja, nacho ni kingamwili. Chombo hicho hakina kinachokosekana kijijini kikubwa kuliko kichupa chenye mdomo mpana, fomalini iliyoandaliwa sawasawa, kalamu ya kuandika jina na saa, na mhudumu anayejua kwa nini anaharakisha. Uvimbe usiopungua kwa wiki tatu, na kidonda kisichopona kwa muda huo, vionwe na mhudumu wa afya, na kipande kitakachochukuliwa kiingie fomalini kabla mgonjwa hajatoka mlangoni.